Kurahisisha hesabu za aljebra: jinsi ya kukusanya vipande vinavyofanana

Jioni, watoto wakisharudi madrasa na kufungua madaftari ya shule, simu yangu huanza kupokea picha. Ukurasa umepigwa kando ya sahani ya wali, kidole kimeonyesha swali, na chini yake mzazi kaandika: "Mwalimu, mtoto kapata 8xy, kitabu chasema 3x + 5y. Nani kakosea?" Mwingine: "Kwani −3 − 5 si 8? Si tulifunzwa hasi mbili zakuwa chanya?" Maswali ni yaleyale kila muhula, kwa hivyo nimeyaweka majibu pahali pamoja. Anayeuliza, awe wa Majengo au wa Kisauni, nitamwelekeza hapa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Gredi ya 7 anayekutana na herufi ndani ya hesabu kwa mara ya kwanza, na wa mzazi aliyeiaga aljebra siku aliyovua sare ya shule. Rai yangu naitoa mapema: wengi wanaoanguka hapa huangushwa na alama ya kutoa, kile kistari kifupi, na herufi husingiziwa bure.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari. La miraba ni bora, kwa sababu kila alama hupata chumba chake.
- Penseli, kifutio, na kalamu mbili za rangi tofauti na ile unayoandikia.
- Jedwali la kuzidisha mpaka 12, likiwa kichwani.
- Uwezo wa kujumlisha na kutoa namba hasi. Kama 4 − 6 bado inakusumbua, anza na hiyo leo na hatua zilizo hapa uzifuate kesho. Sisemi kukutisha. Utateseka bure.

Kikokotoo cha simu kiweke kando. Hakitakusaidia mpaka hatua ya mwisho, na hata huko unaweza kufanya bila yake.

Maneno machache, kisha tuendelee

*Mtajo* ni mfululizo wa namba na herufi uliounganishwa kwa alama za kujumlisha na kutoa, kama 7x + 4y − 3x. Hauna alama ya sawasawa. Ukiona alama hiyo, huo ni mlinganyo, na kazi yake ni nyingine. *Kipande* ni kila kilichotenganishwa na + au −. *Namba ya mbele* ni ile inayotangulia herufi: katika 7x, namba ya mbele ni 7, maana yake x zipo saba.

Jambo moja linalopuuzwa sana: herufi inasimama badala ya namba. Haisimami badala ya kitu. Tuseme uko kwenye kibanda cha mama wa mahamri. Hamri moja ni shilingi m, na kiazi karai kimoja ni shilingi k. Umeagiza mahamri 4 na viazi 6, ukaongeza mahamri 3, kisha ukarudisha viazi 2 kwa kuwa mwenzio kasema ameshiba. Hesabu yako ni

4m + 6k + 3m − 2k

na mama wa kibanda, bila ya kushika kalamu, atakwambia: mahamri saba, viazi vinne. Yaani 7m + 4k. Hawezi kukwambia "kumi na moja", maana hamri lina bei yake na kiazi kina bei yake. Hapo ndipo ile 8xy ya mtoto inapovunjika: 3x + 5y haijumlishiki zaidi, na xy maana yake ni x *mara* y. Bei ya hamri ukiizidisha kwa bei ya kiazi utapata kitu ambacho hakuna mtu Mombasa anayekiuza.

Basi, nadharia imekwisha. Ila kwa wapendao historia: al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika aljebra yake yote kwa maneno matupu, bila x na bila alama ya +, na sehemu nzima ya kitabu chake inahusu kugawa mirathi. Mtu akikuuliza hesabu hizi zina faida gani maishani, mpeleke kwa warithi.

Hatua kwa hatua

Tutafanya mfano mmoja mpaka mwisho:

7x + 4y − 3x + 9 − 6y + x − 2

1. Nakili hesabu kwa nafasi. Acha pengo kati ya kipande na kipande. Ukimaliza, hesabu vipande kwenye kitabu na kwenye daftari lako. Hapa viko saba. Ni ajabu hesabu ngapi hukosewa hapa, kabla hata kazi haijaanza.

2. Kama kuna mabano, yafungue kwanza. Mfano wetu hauna, lakini yako utayakuta, kwa hivyo tusimame kidogo.

Namba iliyo nje ya mabano huzidisha *kila* kipande kilicho ndani. Watoto watano, kila mmoja apewe mahamri 2 na kiazi 1, ni 5(2m + k) = 10m + 5k. Anayeandika 10m + k amewapa watoto wote mahamri, halafu kiazi akampa mmoja.

Mabano yakitanguliwa na alama ya kutoa, kila alama ya ndani hugeuka. Chukua hii:

8a − (3a − 5)

Jawabu la haraka la wanafunzi ni 5a − 5. Si sahihi. Ile − ya nje inatoa kila kilichomo ndani: 3a chanya inakuwa −3a, na −5 inakuwa +5. Kwa hivyo 8a − 3a + 5, ambayo ni 5a + 5. Ukiwa na namba na alama pamoja, zizidishe zote mbili kwa mpigo:

2(3a + 4) − 3(a − 2) = 6a + 8 − 3a + 6 = 3a + 14

Angalia ile +6. Imetoka kwa −3 mara −2. Hapa kwenye kuzidisha, na kwenye kugawanya, ndipo hasi mbili zinapozaa chanya. Weka kidole hapo, tutarudi.

3. Kata mtajo vipande, kila kipande na alama yake. Piga mstari wima *kabla* ya kila + au −:

7x | + 4y | − 3x | + 9 | − 6y | + x | − 2

Alama ni ya kipande kilicho kulia kwake. Kipande cha kwanza kisipokuwa na alama, ni chanya.

Kama ungesoma hatua moja tu ya mwongozo huu, ningekuomba iwe hii. Mwanafunzi huisoma hesabu kama sentensi, "saba x, jumlisha nne y, toa tatu x", na sikioni mwake "toa" linasikika kama neno la kuunganisha, lisilo la mtu. Akienda kuichukua 3x kuipeleka kwa wenziwe, anaiacha − njiani. Nimeona daftari limepigwa duara safi kabisa kwenye 7x, 3x na x, rangi nzuri, na chini yake 7 + 3 + 1 = 11x. Duara zilikuwa zimeizunguka namba na herufi, na ile − imebaki nje. Kwa hivyo duara lako lianzie kwenye alama.

4. Tambua vinavyofanana. Vipande viwili vinafanana iwapo vina herufi zilezile, na kila herufi ina kipeo kilekile (kipeo ni ile namba ndogo ya juu, kama 2 katika x²). Namba ya mbele haihusiki. Alama haihusiki.

Kwa hiyo 7x, −3x na x vinafanana. 4y na −6y vinafanana. 9 na −2, zisizo na herufi, zinafanana. Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni vipeo: x² na x hazifanani hata zikikaa jirani, kwa hivyo 3x² + 5x inabaki hivyohivyo. Vivyo hivyo a²b na ab² ni mbalimbali, maana katika ya kwanza kipeo ni cha a na katika ya pili ni cha b. Wa pili ni mpangilio wa herufi: ab na ba ni kitu kimoja, kama ambavyo 3 × 4 ni sawa na 4 × 3. Hivyo 4ab + 3ba ni 7ab.

Tumia zile kalamu mbili. Vya x vizungushe kwa rangi moja, vya y vipigie mstari kwa rangi ya pili, namba tupu ziache.

5. Panga upya, wa x kwa wa x. Kila kipande kihame na alama yake:

7x − 3x + x + 4y − 6y + 9 − 2

Hesabu vipande tena. Bado saba? Endelea. Sita? Rudi.

Ukishazoea utairuka hatua hii na kufanya kichwani. Usiiruke wiki ya kwanza, hata kama jirani yako darasani anairuka.

6. Jumlisha namba za mbele, herufi usiiguse.

Za x: 7 − 3 + 1 = 5, yaani 5x.
Za y: 4 − 6 = −2, yaani −2y.
Namba tupu: 9 − 2 = 7.

Ile 1 imetoka wapi? x peke yake ni 1x. Moja haiandikwi, lakini ipo, na ikisahauliwa utapata 4x. Vilevile −y ni −1y.

Sasa turudi pale ulipoweka kidole. "Hasi na hasi ni chanya" ni kanuni ya kuzidisha na kugawanya. Katika −3x − 5x hakuna kuzidisha. Chora mstari wa namba pembezoni mwa daftari, sifuri katikati. Simama kwenye −3, kisha rudi nyuma hatua 5, kushoto. Umefika −8. Kwa hivyo ni −8x. Anayepata 8x, au 2x, amechukua kanuni ya nyumba nyingine akaileta hapa. Mstari huo uchore kila mara mpaka uone aibu kuuchora. Hapo utakuwa umeshaelewa.

Na kipeo hakibadiliki katika kujumlisha. 3x² + 2x² ni 5x². Haiwi 5x⁴.

7. Andika jawabu.

5x − 2y + 7

Desturi ni kufuata alfabeti, vipeo vikubwa vitangulie, namba tupu imalizie. Lakini 7 − 2y + 5x ni jawabu hilohilo, na mzazi asimkate mtoto alama kwa sababu hiyo. Kipande kikitoka sifuri, kama 4p − 4p, kinapotea; usiandike 0p. 1x andika x.

Kisha simama. Wengi hufika hapa na mkono ukaendelea wenyewe: wengine huongeza "= 0" na kuanza kutafuta x ambayo hakuna aliyeiuliza, na wengine wakiona 6x + 4 huigawanya yote kwa mbili wakaandika 3x + 2. Kwenye mlinganyo una pande mbili, unaweza kugawanya zote. Hapa upande ni mmoja, ukiugawanya umeubadilisha.

8. Jipime kwa namba. Kwenye hatua hii mwanafunzi huacha kumtegemea mwalimu, nami hushangaa kwamba haifunzwi siku ya kwanza. Chagua namba, iweke badala ya herufi kwenye hesabu ya mwanzo na kwenye jawabu. Zikipishana, kuna kosa, hapana mjadala.

Nachagua x = 10 na y = 3.

Mwanzo: 70 + 12 − 30 + 9 − 18 + 10 − 2 = 51
Jawabu: 50 − 6 + 7 = 51

Zimekutana. Usichague 0, maana herufi zote zitafutika na hutajua kitu. Usichague 1, kwa kuwa 1² ni 1, na x² itajificha ndani ya x. Hata 2 ni mnafiki: 2 + 2 na 2 × 2 zote ni 4, kwa hivyo aliyeandika x + x = x² atajiona yuko sawa. Kumi ni nzuri kwa sababu ni nyepesi kuzidisha na haifichi kosa. Na ukiwa na herufi mbili, zipe namba tofauti.

Majibu mawili yakilingana kwa jozi moja ya namba, karibu kila mara uko sawa. Ukiwa na shaka, jaribu jozi ya pili.

Jawabu halikubali? Anzia hapa

Ukiwa umetumia x = 10 na y = 3, tazama tofauti kati ya namba ya mwanzo na namba ya jawabu lako. Tofauti hiyo ina siri.

*Tofauti ni 10 au 3 kamili.* Kuna x moja au y moja imepotea, na mara nyingi ni ile isiyo na namba mbele. Aliyepata 4x − 2y + 7 atapata 41 badala ya 51. Kumi zimepungua: x moja.

*Tofauti ni mara mbili ya kipande fulani.* Hiyo ni alama iliyogeuka. Aliyeandika 5x + 2y + 7 atapata 63, tofauti 12. Mara mbili ya 6, na 6 ni 2y. Mwizi kakamatwa.

*Tofauti ni kubwa mno.* Yaelekea umeziunganisha herufi zisizofanana, ukapata xy au x² isiyokuwepo. Rudi hatua ya 4.

*Kuna mabano na tofauti ni namba ndogo isiyoeleweka.* Fungua mabano upya, ukiandika kila kuzidisha kwenye mstari wake. Kipande cha pili cha ndani ndicho mshukiwa wa kwanza.

*Namba zimekutana, lakini kitabu kina jawabu lingine.* Weka namba zako pia kwenye jawabu la kitabu. Likitoa jibu lilelile, mmetofautiana mpangilio tu. Lisipotoa, hakikisha umenakili swali sawasawa. Ikiwa umenakili sawasawa, basi kitabu kimekosea, na hilo hutokea. Mwonyeshe mwalimu hesabu yako kwa adabu.

*Kuna sehemu.* Usiogope. Nusu ya x na robo ya x ni robo tatu ya x: x/2 + x/4 = 2x/4 + x/4 = 3x/4. Kanuni ni ileile, ila namba za mbele ndizo zilizokuwa sehemu.

Ya kujaribu

Fanya kwa hatua zote, na ujipime kwa namba kabla ya kutazama chini.

a) 5a + 3b − 2a + b
b) 9 − 4x + 2 + x
c) 6p − (2p − 7)
d) 3(x + 2y) − 2(x − y)
e) 4x² − x + 3x − x² + 5
f) 2ab + 3a − 5ba + a

Majawabu: a) 3a + 4b. b) 11 − 3x. c) 4p + 7, ukipata 4p − 7, soma tena hatua ya 2. d) x + 8y; ukipata x + 4y, alama ya mwisho ndani ya mabano ya pili haikugeuka. e) 3x² + 2x + 5. f) 4a − 3ab, na hiyo haiendelei mbele, kwa sababu a na ab hazifanani.